Usinitajie Jina Lake

(Maneno haya niliyasema mbele ya wapiga gitaa, mafundi na wanafunzi wa muziki, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikipunguza pale nilipojirudia.)

Wazee wangu mlioketi mbele, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: habari za jioni.

Nimepewa nusu saa. Fundi akipewa kipaza sauti ni kama utingo aliyeachiwa usukani, kwa hiyo mnivumilie.

Gitaa hili nililolishika mnaliona. Ni dogo, robo tatu ya gitaa la kawaida. Rangi imekwisha pale mkono wa kulia unapolala. Nilipokuwa naingia, mzee mmoja ameniuliza, "Fundi, hilo lilikuwa la nani?" Hakuuliza ni gitaa gani. Ameuliza lilikuwa la nani. Nikajua huyu mzee ameshawahi kuuziwa gitaa. (Kicheko.)

Mimi pia nimeshauziwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, natunza fedha za kununua drili. Akanijia mtu Kariakoo, gitaa amelifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba lilikuwa la Mwenda Jean Bosco.

Kwa vijana ambao jina hilo haliwagutui: Bosco alikuwa mpiga gitaa, mwana wa Katanga, Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukifumba macho unahesabu watu watatu. Aliimba Kiswahili, kile cha kule migodini, na sahani zake za santuri zikafika huku kwetu zikawafundisha watu ambao hawakuwahi kumwona. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi, akawa anapiga redioni kutangaza dawa ya maumivu ya kichwa. Mwaka 1969 akapanda jukwaani Newport, Marekani. Sasa mtu kama huyo, ukiambiwa gitaa lake liko kwenye khanga mbele yako, na bei yake ni sawasawa na drili, utafanya nini?

Nililipa. Sikuangalia ndani, sikuangalia nyuma. Nilinunua hadithi, gitaa nikapewa kama nyongeza.

Mwalimu wangu wa ufundi, Mungu amrehemu, hakunicheka. Alichukua tochi na kile kioo kidogo cha kina mama cha kujipakia wanja, akakiingiza kwenye tundu, akakielekeza juu, upande wa shingo, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Kisha akaniita nitazame. Ilikuwa nusu ya stika iliyokwanguliwa vibaya, na kwenye ile nusu iliyobaki, mistari ya msimbo wa bei, ile inayolia pii kwa keshia. Msimbo ule ulianza kutumika madukani mwaka 1974. Mwalimu akaniuliza, "Bosco alilinunua supamaketi?" (Kicheko kirefu.)

Tangu siku hiyo nina sheria moja, na ndiyo iliyonileta hapa. Mtu akiniletea gitaa la zamani, namwambia: usinitajie jina. Usiniambie la nani, usiniambie kampuni gani, usiniambie babu yako alilipata wapi. Niache nilisome kwanza. Gitaa linasomwa kuanzia ndani kuja nje, na jina lililoandikwa kichwani ndilo la mwisho kusomwa, kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote kulibadilisha. Kibandiko cha kichwani kinachapishwa mtaani kwa bei ya soda. Fito zilizo tumboni hazichapishwi.

Kwa hiyo tuingie tumboni.

Anzeni na ukingo wa tundu. Pitisha kidole, halafu weka mwanga. Kama uso wa gitaa ni ubao mmoja wa kweli, mistari ya mti unayoiona juu itashuka kwenye ukingo na kuendelea chini bila kukatika. Kama ni plaiwudi, utaona matabaka, kama keki au kama chapati za kusukuma: moja inakwenda huku, ya pili inakatiza, ya tatu inarudi. Wajanja hupaka ukingo rangi nyeusi ili matabaka yasionekane. Ukiona ukingo umepakwa rangi nzito, jiulize unafichwa nini. Mgongo nao una siri yake. Tafuta kifundo au mstari wa ajabu nje, kisha utafute mahali hapo hapo kwa ndani. Ukiukuta, ubao ni mmoja. Usipoukuta, ni plaiwudi, hata kama nje panang'aa kama meza ya waziri.

Halafu fito. Chini ya uso wa kila gitaa kuna fito zimegandishwa kuuzuia usibonyee kwa mvuto wa nyuzi. Magitaa mengi ya bei nafuu ya zamani fito zake zimelala sambamba, kama vipandio vya ngazi. Magitaa ya daraja la juu ya nyuzi za chuma fito zake kubwa mbili hupishana kama herufi X, mtindo uliokuzwa na Martin wa Marekani katikati ya karne ya 19. Muuzaji akikuambia hili ni gitaa la kifahari la Marekani la miaka ya 1940, halafu kioo kikakuonyesha ngazi, mambo ni mawili: ama hajui, ama anajua.

Na gundi. Gundi ya kale ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa. Ikikauka inakuwa na rangi ya asali, ngumu, inapasuka kama kioo. Gundi nyeupe ya seremala wa leo hubaki kama plastiki ukiibonyeza kwa ukucha. Ukiona ya asali kila mahali, isipokuwa chini ya daraja, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, ambako kuna nyeupe iliyochuruzika, basi umeisoma historia: daraja liling'oka, likarudishwa, na aliyelirudisha alikuwa na haraka. Sisemi usinunue. Nasema hilo lina bei yake, na bei hiyo itoke kwa muuzaji.

Skrubu nazo zinasema. Zile zenye alama ya nyota, tunazozifungua kwa bisibisi ya nyota, zilienea baada ya katikati ya miaka ya 1930. Ukiambiwa gitaa ni la 1920 na vifunguo vyake vya kukazia nyuzi vimefungwa kwa skrubu za nyota, basi vifunguo vimebadilishwa, au mwaka umebadilishwa.

Nadhani mnaanza kuchoka na tochi. Turudi kwenye hili la mkononi.

Kuna wazee hapa ambao wakiliona hawasemi gitaa kavu, wanasema galatoni. Nimeona vichwa vinatikisika kule mbele. Neno hilo ni jina la kiwanda lililogeuka kuwa jina la kitu, kama vile dawa ya meno yoyote ilivyokuwa kolgeti. Gallotone. Eric Gallo alifungua duka la santuri Johannesburg mwaka 1926, biashara ikakua ikawa kampuni kubwa ya kurekodi muziki, na baadaye magitaa yakatengenezwa Durban kwa jina hilo. Ukifikiri vizuri, ni biashara ya akili sana: wanakuuzia sahani ya mpiga gitaa, halafu wanakuuzia gitaa umwigize.

Ndani ya gitaa la Gallotone la aina ya Champion palikuwa na lebo ya karatasi yenye ahadi ya Kiingereza: limedhaminiwa kwamba halitapasuka. Watu wengi wanaisoma kama maneno ya tangazo tu. Mimi naisoma kama maelezo ya kiufundi, na nataka mnivumilie hapa kwa sababu ndipo panaponifurahisha kuliko pote.

Ubao hunywa unyevu na kuutoa, kila siku, hata ukiwa umekatwa miaka hamsini iliyopita. Ukinywa, unatanuka, ukikauka, unasinyaa. Lakini hautanuki kwa urefu, unatanuka kwa upana, kukatiza mistari yake. Sasa chukua ubao mwembamba wa milimita tatu hivi, ugandishe kwenye fito zilizolala kukatiza mistari hiyo hiyo. Fito hazitaki kusinyaa upande huo, ubao unataka. Mmoja lazima ashindwe. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kipindi chake cha baridi ni kikavu kabisa. Peleka gitaa la ubao mmoja kule kutoka pwani, na asubuhi moja utasikia mlio kama risasi ndogo: uso umepasuka toka daraja hadi mkiani. Plaiwudi haifanyi hivyo. Matabaka yake yamekatizana, kila moja linamshika mwenzake mkono. Ndiyo maana wale wa Durban walithubutu kuweka dhamana.

Bila shaka kuna gharama. Plaiwudi ni nzito na ngumu, haitetemeki kwa hiari. Noti inatoka, inasema neno lake, inakufa. Mpiga gitaa wa kisasa atakwambia halina sauti. Lakini pigeni kwa kidole gumba na shahada, haraka, besi huku na melodia kule, na mtaona kwamba noti inayokufa mapema inampisha mwenzake. Kwenye gitaa kubwa lenye mwangwi mrefu, mtindo ule unakuwa uji. Sidai kwamba mtindo ulizaliwa na plaiwudi; kila mtu alipiga gitaa alilolipata. Nasema tu, kwa sikio langu, viwili hivi vinapatana.

Sasa hili nililipata wapi? Tukuyu.

Nilipigiwa simu na kijana mmoja, akasema bibi yake ana gitaa la marehemu babu na anataka kuuza. Nikamwambia usinitajie jina lake, akashangaa, akadhani sitaki kujua jina la babu. (Kicheko.) Nikapanda basi. Mnajua Tukuyu: kule mvua hainyeshi, mvua inaishi. Nikafika nimelowa, nikamkuta bibi barazani anapepeta maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe unayenunua vitu vya watu waliokufa?"

Nikajibu kwamba nanunua magitaa, na wenyewe wengi wako hai bado. Akacheka, akamwambia mjukuu alete.

Nililitazama kwa muda wa kama saa nzima, na bibi alinitazama mimi. Ukingo wa tundu: plaiwudi, haikufichwa. Fito: ngazi. Gundi: ya asali, na fito mbili zimeachia upande wa chini kwa unyevu, zinagonga ukitikisa. Lebo: mende wameila. Ni kawaida, karatasi za zamani zilibandikwa kwa gundi ya wanga na mende hupenda wanga kuliko kitu chochote. Imebaki robo ya jina na kipande cha ile ahadi ya kutopasuka. Nikawasha kile kitochi cha zambarau cha kukagulia noti za fedha. Karatasi nyeupe za leo zina dawa ya kung'arisha, kwa hiyo zinawaka buluu kali kama shati la sare lililofuliwa kwa bluu. Hii haikuwaka. Si ushahidi wa kutosha peke yake, lakini ilikuwa inakwenda upande mmoja na mengine yote.

Halafu shingo, na hapa nataka mnisikilize hata mliosinzia, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotelea. Magitaa ya bei nafuu ya wakati ule mengi hayana nondo ya kukaza ndani ya shingo. Nyuzi zikivuta miaka sitini, shingo inapinda, au pembe inayounganisha shingo na tumbo inalegea, na nyuzi zinakaa juu ya freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, hadi unaweza kupitisha kidole chini yake. Fumba jicho moja, tazama kando ya shingo kama unavyotazama ubao wa kupaulia. Kisha laza rula juu ya freti, isukume kuelekea daraja. Ncha ya rula ikifika juu ya ubao wa daraja, au ikaupita kidogo, mshukuru Mungu. Ikigonga chini, ubavuni mwa daraja, shingo inataka kung'olewa na kupangwa upya, na kazi hiyo kwa gitaa la plaiwudi inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe. Rula ni shilingi mia tano. Nimeona watu wazima wakinunua magitaa ya mamilioni bila rula.

Shingo ya Tukuyu ilikuwa imeinama kidogo. Nikakubali.

Kilichoniambia zaidi kilikuwa ulikaji. Freti tatu za kwanza zilikuwa zimelika hadi zimekuwa bapa, na baada ya freti ya tano ni mpya kabisa, kana kwamba hakuna aliyewahi kufika. Huyo ni mpiga gitaa wa vidole, anayekaa kwenye kodi za chini, yaani mishiko ya noti kadhaa kwa pamoja, na kuzunguka hapo hapo. Nyuma ya shingo kulikuwa na vijistari vya kukatiza, vyembamba, karibu na freti ya pili na ya tatu. Wazee mnavijua. Wakati ule mtu akitaka kupandisha sauti alilaza penseli juu ya nyuzi, akaifunga kwa kamba au mpira nyuma ya shingo. Zile ni alama za kamba. Na kwenye freti, chini ya uzi wa kwanza, mfereji mkali mwembamba kama umekatwa kwa msumeno. Nikamwuliza bibi, "Babu alikuwa na baiskeli?"

"Alikuwa nayo. Haikuwa na breki." (Kicheko.)

Basi. Waya za breki zilikuwa kwenye gitaa. Uzi ukikatika Tukuyu mwaka ule unanunua wapi mwingine? Unafumua kebo ya breki, unachukua unyuzi mmoja. Waya ule ni mgumu kuliko freti, unazila.

Hapo sasa ndipo nikasema, bibi, niambie. Akaniambia babu aliandikishwa na Wenela, ile kampuni iliyokuwa inachukua vijana wa kusini mwa Tanganyika kwenda migodi ya dhahabu Afrika Kusini. Baada ya uhuru serikali yetu ilisimamisha uandikishaji ule, lakini yeye alikuwa ameshakwenda mara mbili. Mara ya pili alirudi na blanketi, koti na gitaa. Bibi akaingia ndani akatoka na picha ya studio: kijana amevaa koti, mguu mmoja juu ya kigoda, gitaa kifuani, nyuma ya picha muhuri wa Johannesburg. Nikaitazama kwa lenzi. Kwenye ukingo wa chini wa gitaa lile kulikuwa na doa jeusi lenye umbo la figo. Nikaligeuza gitaa la mapajani mwangu. Doa lile lile, mahali pale pale. Aliyekaa karibu anaweza kuja kulitazama baadaye.

Mnaona tofauti na yule wa Kariakoo? Yeye pia alikuwa na hadithi, na yake ilikuwa nzuri zaidi, ina mtu maarufu ndani. Lakini haikushikana na gitaa popote. Hadithi ya bibi ilishikana kwa doa. Nikaomba kuipiga picha ile picha. Sikuomba kuinunua, na mjukuu alipotaka kuiongeza kwenye bei nilikataa, iko nyumbani kwao hadi leo.

Bei nayo ilikuwa vita. Yule kijana alikuwa amesoma kwenye simu kwamba gitaa la aina hii la John Lennon, yule wa bendi ya Beatles, liliuzwa kwa mamilioni. Na ni kweli, hakudanganya. Lennon alikuwa na Gallotone Champion, na ndilo alilolipiga tarehe 6 Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa pale Woolton, Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney. Mwezi Septemba 1999 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, London, kwa zaidi ya pauni 155,000. Lilikuwa limebandikwa kibao kidogo chenye maneno ya mama yake mkubwa aliyemlea, aliyeitwa Mimi, ya kumkumbusha kwamba kwa gitaa hatapata riziki kamwe. Mama wakubwa ni wale wale duniani kote. (Kicheko.)

Nikamweleza kijana: pauni zile zililipia jina la Lennon na ile siku ya Woolton, gitaa lilikuwa risiti tu. Gallotone la mtu mwingine yeyote ni gitaa la plaiwudi la bei nafuu ambalo limebahatika kuzeeka. Kijana akanuna. Bibi, ambaye nilidhani hasikilizi, akaacha maharage yake akaniuliza:

"Hilo la Mzungu, lilipasuka?"

Nikasema, sijui bibi.

"Hili langu halikupasuka. Sasa kwa nini lake liwe ghali?"

Ndugu zangu, nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwa na jibu. Tulikuwa tumekomea laki tatu na nusu. Nikaongeza hamsini. Bibi akasema "ndaga", ambayo kwa Kinyakyusa ni asante, na akanipa maharage ya kwenda nayo.

Sasa, si wote mtakutana na galatoni. Nitapita haraka kwenye mengine mnayoweza kukutana nayo, hasa nyinyi mnaoagiza kutoka nje au mlio na ndugu Ulaya na Marekani.

Harmony, wa Chicago. Walitengeneza magitaa kwa wingi wa kutisha hadi walipofunga mwaka 1975. Ndani mara nyingi kuna muhuri hafifu, mathalani F-58 au S-58. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka. Penye namba ndefu iliyokatwa na herufi H, zile zinazofuata H ni aina ya gitaa, kwa hiyo mtu akikutajia H1260 anakutajia modeli iitwayo Sovereign, wala si umri wake. Hayo ni magitaa ya uso wa ubao wa kweli, na kwa fedha zake mimi nayapenda kuliko mengi yenye majina makubwa.

Martin ni rahisi kuliko wote: tangu 1898 wamegonga namba kwenye kigogo cha ndani pale shingo inapoingia, na mwishoni mwa 1930 wakaanza kugonga na aina. Namba inakupa mwaka. Ndiyo maana pia namba hughushiwa. Tazama kama mbao iliyozunguka namba imeparuzwa.

Egmond wa Uholanzi, lile la kwanza la George Harrison, mwenzake Lennon wa Beatles. Shingo yake ilishikwa kwa boliti. Harrison alipokuwa mdogo aliifungua akashindwa kuirudisha, gitaa likakaa kabatini hadi kaka yake akaja kulifunga. Nasimulia ili mkumbuke kuuliza shingo imeshikwa na nini kabla ya kulipa. Boliti unaikaza mwenyewe. Shingo ya gundi inataka mvuke, kisu na fundi asiye na haraka.

Na mbao zenyewe zina sheria. Ile rozwudi ya Brazili inayosifiwa sana imefungiwa biashara ya kimataifa tangu 1992. Kulivusha mpaka gitaa lake bila vibali ni kulitoa zawadi kwa forodha. Mwaka 2017 jamii nzima ya miti ile iliwekewa vibali, na mpingo wetu ukiwamo, maana ni ndugu yao. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha tengenezwa zikaondolewa kwenye masharti hayo, lakini rozwudi ya Brazili ikabaki ilipo. Mtu akikupa gitaa la rozwudi ya Brazili kwa bei ya kirafiki na liko nchi nyingine, huyo rafiki yako anakutafutia kesi.

Wanaonunua kwa picha za simu: dai picha nne. Ndani ya tundu kwa mwanga. Rula juu ya freti, ncha yake darajani. Kichwa kwa nyuma. Na shingo kutoka kando. Muuzaji akikutumia picha kumi za uso wa mbele tu, zote jua la jioni, huyo anauza jua.

Hili la Tukuyu nimelifanyia machache. Nimezigandisha zile fito mbili kwa gundi ya ngozi ile ile. Nimebadilisha freti tatu, na zile zilizolika nimezihifadhi kwenye bahasha. Lebo iliyoliwa na mende nimeiacha. Kuna kijana alinishauri nichapishe mpya ipendeze. Nimemwambia akija mwingine na tochi baada yangu, asome alichokisoma mwenzake. Doa sijaligusa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, maswali. Naona mkono kule mlangoni. Wewe mwenye mfuko wa unga mgongoni, ndani humo ni gitaa, siyo? Karibu, mpisheni. Lilikuwa la… hapana, hapana, kaka. Lete tu mbele, na mtu anipe tochi.